Sharika ya Baba na Wanawe

Kaka yangu mkubwa hajapata kushindwa katika biashara hata mara moja. Muulize mwenyewe. Duka la mipira ya magari la Al Kamil wal Wafi, hapa Oman, halikufa, lilipumzishwa. Nyumba ya wageni ya Misfat al Abriyeen, aliyoikodi kwa ajili ya watalii wanaopenda kulala katika vyumba vya udongo, kisha akavitia marumaru na taa za kijani, nayo haikufa. Watalii ndio hawakuelewa. Kwa hivyo siku alipokuja kwangu Nizwa, akavua kilemba, akakaa na kusema amepata biashara isiyotaka duka wala wageni wala yeye kutoka Ibra, nilikwenda jikoni kutia kahawa.

Nilivyorudi na dele la kahawa, alinisogelea na kushusha sauti, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu ila mimi na yeye.

"Mvinyo," alisema.

"Mvinyo wa nini?"

"Wa kuingiza Uholanzi. Unatoka Afrika Kusini, unashuka Rotterdam, unakaa ghala la forodha, unauzwa, khalas. Mimi niko Ibra nakunywa kahawa yangu. Hata tone halipiti Oman, wallahi. Sitauona, sitaugusa, sitaunusa."

"Na pesa je?"

"Pesa ndizo zitapita Oman."

Akanywa kikombe chake akakitikisa, kuonyesha kwamba ametosheka kwa kahawa na kwa hoja pia.

Aliyemtia maneno hayo kichwani alikuwa mtoto wa ami yetu, aliyepelekwa Uholanzi mchanga na wazee wake na kukulia huko. Ni kijana mzuri, ana adabu, na Kiswahili chake kina maneno mawili makubwa, hii na hiyo, ambayo humfikisha popote anapotaka kwenda. Alishapata shamba la mizabibu lenye kuuza na mikahawa yenye kununua. Alichokosa ni mshirika mwenye mtaji, na kaka alishawahi kukosa vingi lakini hakupata kukosa nafasi ya kuwa mshirika.

Mimi nilihitajiwa kwa sababu nafundisha Kiingereza chuoni. Kaka alidhani kufungua sharika, yaani kampuni, Ulaya ni kama kufungua duka la mipira: unakwenda baladia, ofisi za mji, unalipa, unapewa karatasi, unatundika kibao. Kumbe wale wana maswali kuliko mama mkwe. Wakili wa mikataba alitaka kujua mwenye sharika hasa ni nani. Benki ilitaka kujua fedha zimetoka wapi na kabla ya hapo zilitoka wapi. Watu wa forodha walitaka kujua ghala lina milango mingapi na nani ana ufunguo, kwa sababu kinywaji kisicholipiwa ushuru hakitembei ovyo katika nchi yao. Nilimfasiria yote hayo kwa simu, jioni baada ya jioni. Kila nilipomaliza alisema, "Hawa watu wanaiheshimu sana hii bidhaa," kwa sauti ya mtu aliyepata fundisho.

Maswali yote yalijibiwa. Yalibaki mambo mawili ambayo watu wa Uholanzi hayakuwashughulisha, na kwetu hakuna biashara bila hayo: jina la sharika, na radhi ya mama.

Jina halikuwa na mjadala. Kwetu biashara huitwa kwa jina la baba, hai au marehemu, ili baraka zake ziingie. Duka la mipira liliitwa kwa jina la baba yetu na Wanawe. Nyumba ya wageni iliitwa kwa jina la baba yetu na Wanawe. Wanawe hao ni ndugu zangu wanne. Mimi nami ni mtoto wake, tukawa watano, lakini kibao cha Kiingereza kiliandikwa wana wa kiume, na fundi wa vibao alisema nafasi imekwisha. Nilikasirika zamani. Sasa nilianza kumuona yule fundi kuwa ni mtu aliyenitakia heri.

Maana baba yetu hakuwa mtu wa jina la kuchezea. Alirudi Oman kutoka Unguja akiwa kijana, akafanya kazi baladia ya Sur mpaka alipostaafu akahamia Ibra, na kule Aija, mtaa wa Sur, wapo wazee ambao hadi leo mzigo ukitajiwa jina lake hawaufungui kuukagua. Manukato ya chupa hakuyatia, kwa sababu yana spiriti. Siku moja kinyozi alimpaka ya shavuni bila kumuuliza. Alikwenda kuosha uso, akarudi, akamlipa, akamshukuru, na hakurudi kwake tena. Huyo ndiye aliyekuwa sasa aingize mvinyo Rotterdam, miaka kadhaa baada ya kuzikwa.

Na radhi ya mama ilikuwa jambo zito zaidi. Kaka, kwa mapungufu yake yote, anaamini kabisa kwamba mtu akianza jambo mama yake hayuko radhi, jambo halisimami. Tairi zilipomwozea alisema ni kwa sababu siku ya kufungua mama alikuwa na homa, hakumwombea vizuri. Angeweza kuanza bila leseni, bila benki, bila mtoto wa ami. Bila radhi ya mama asingetia saini.

Lazima niseme kitu juu ya mama. Mama hajapata kumtaja baba kwa jina. Alipomwita alisema "Bwana." Alipomzungumzia kwa watu alisema "mwenyewe," na kwetu sisi "baba yenu." Wake wa Unguja wa wakati wake ndivyo walivyolelewa, jina la mume halitiwi mdomoni. Hospitali ya Ibra, karani akimwuliza jina la mume, mama hunigeukia mimi nijibu, hata sasa baba akiwa kaburini. Nami katika kuyaandika haya nimeamua kumfuata yeye, ndiyo maana hukutani na jina la mtu.

Jambo la pili: mama alisoma skuli Unguja, kabla ya mapinduzi, na alikijua Kiingereza vizuri sana. Alipofika Oman hakuwa na wa kusema naye, wanawe wakadhani kimemtoka. Hakuwasahihisha. Amesikia mengi kwa njia hiyo.

Kabla ya kumwendea mama, kaka alitafuta kwanza fatwa, ili aende na kitu mkononi. Alikwenda kwa shekhe mmoja hapa Nizwa, mimi nikimngojea garini na kiyoyozi kinaunguruma. Alijitayarisha njia nzima. Hakutaka kuuliza moja kwa moja, kwa hivyo alimpelekea shekhe habari ya mtu mwenye punda. Mtu huyo ana punda katika nchi ya mbali, na watu wa huko wamemkodi punda, na mwenye punda hajui hasa wanampakia nini, wala haendi naye. Je, ujira wa punda ni halali?

Alirudi garini upesi mno.

"Kasemaje?"

"Kaniuliza, punda amebeba nini."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia ni mfano tu, shekhe. Akaniambia, basi mfano huo amebeba nini."

Akaniambia niondoe gari. Njiani alisema mashekhe wa siku hizi hawana elimu ya biashara. Baada ya wiki akapata fatwa yake mtandaoni, kwa mtu aliyekaa bustanini, ndege wakilia nyuma yake, ambaye alikuwa na jawabu la kila swali, na jawabu hilo daima lilikuwa ndiyo.

Siku ya kuomba radhi nilikuwapo Ibra. Alimbusu mama kichwa, akampa shikamoo, akaitikiwa, akakaa chini ya kiti chake kama tulivyokaa utotoni.

"Mama, nataka radhi yako. Tunafungua sharika Ulaya, mimi na mtoto wa ami."

"Ya kufanya nini, mwanangu?"

"Ya kuingiza bidhaa."

"Bidhaa gani?"

"Za mizabibu, mama."

Mama akafurahi. "Zabibu! Niletee basi za biriani. Hizi za sokoni zina mchanga, juzi nimekaribia kuvunja jino. Radhi unayo, mwanangu, Mungu akufungulie."

Kaka akaniangalia mimi kwa jicho la kuniomba ninyamaze. Nilimwambia nje, kwenye viatu, kwamba nampa nafasi amwambie mama mwenyewe, kwa ulimi wake, kabla sharika haijauza kitu. Akasema, "Inshaallah," na aliyezaliwa kwetu anajua neno hilo likisemwa kwa namna ile maana yake nini.

Badala ya kumwambia, alianza kumletea zabibu. Kila Ijumaa alipita duka kubwa la njiani pale pale Ibra, akanunua pakiti ya zabibu, akaibandua karatasi ya duka garini, akazimimina katika mkebe mzuri wa bati na kuingia nazo: "Mama, za Ulaya hizo." Mtu mzima, mwenye ndevu nyeupe, aliyekuwa mkuu wa idara serikalini, amekaa garini juani akikwangua gundi kwa ukucha. Kama angetia bidii hiyo katika duka la mipira, leo tungekuwa matajiri.

Ikafika Ijumaa yenyewe. Ndugu zangu wote wanne walikuwa nyumbani kwa mama kwa biriani ya baada ya sala. Karatasi za Uholanzi zilishapita zote. Mtoto wa ami alikuwa ametuma picha ya chupa ya kwanza, na kaka alikuwa akiungua kwa hamu ya kuwaonyesha. Simu ilikuwa ndogo mno kwa fahari yake. Barazani mna televisheni kubwa tuliyomnunulia mama ili atazame Makka moja kwa moja, nayo haizimwi mchana kutwa. Mama alikuwa chumbani bado anaswali sunna. Kaka akashika simu yake, akabonyeza, Makka ikatoweka, na ukutani ikasimama chupa.

Ilikuwa chupa nzuri, siwezi kusema uongo. Nyekundu nzito, na karatasi yake imechorwa ngome ya Nizwa na mtende mmoja kwa wino wa dhahabu. Chini ya mtende, kwa herufi za kupambwa, jina la baba yetu, lake na la baba yake na la kabila, na Wanawe.

"Kwa nini jina liko kwenye chupa?" akauliza mdogo wangu. "Si ulisema litakaa ofisini tu?"

"Ni sheria yao," kaka akasema, na usingemdhania amefanya kosa, ungedhani amepewa nishani. "Mvinyo wa nje lazima uandikwe aliyeuingiza ni nani. Wazungu wenyewe wanalazimisha jina la baba liandikwe! Kila meza, kila mkahawa. Mnaona baraka?"

Mimi sikuona baraka. Nilimuona baba yangu akiosha shavu pale kwa kinyozi, na nikasikia hasira inanipanda mpaka masikioni. Nilifungua mdomo niseme, kumbe mama ameshasimama mlangoni, na kanga yake ya kuswalia bado iko kichwani.

Hakuna aliyemuona alivyofika. Kaka alibonyeza simu, akabonyeza tena, chupa ikazidi kuwa kubwa.

Mama akasogea karibu na televisheni, akavaa miwani, akasoma. Kwa sauti, kwa Kiingereza cha skuli yake ya Unguja, kila neno limenyooka. Mvinyo mwekundu. Umeingizwa na... Hapo akanyamaza kwa urefu ule ule wa jina, kisha akaendelea: na Wanawe, Rotterdam.

Ndugu zangu wakaangalia zulia.

"Hizi ndizo zabibu?" mama akauliza.

"Mama," kaka akaanza, "hiyo ni kwa ajili ya wao, si sisi. Hata tone..."

"Zile za mkebe ni za duka la hapo njiani. Mchanga ni ule ule. Nilisema labda mwanangu hana muda wa kwenda mbali." Akavua miwani. "Radhi nilikupa ya zabibu. Ya hiki sikukupa."

Uso wa kaka ukawa wa rangi ya mchanga. Nilimhurumia kidogo, kwa sababu najua ni kitu gani kilikuwa kinamponyoka. Akajitetea kwa alichokuwa nacho: kwamba jina la baba ni heshima, kwamba ndiyo ada yetu, kwamba tangu lini biashara ya nyumba hii ikaitwa kwa jina jingine, na kwamba yule mtu wa bustanini amesema.

Mama akamsikiliza mpaka akaishiwa.

"Kama ni heshima," akasema, "weka lako."

Kaka akaacha kumtazama mama. Aliangalia ukuta, akaangalia ndugu zake, hakuna aliyemuangalia.

"Mama, mimi nina watoto. Nina wakwe. Binti yangu anaposwa. Watu watasema nini?"

"Na baba yenu," mama akasema, "hana watu?"

Mdogo wangu wa pili, ambaye tangu utoto huingiza maneno panapohitajika kimya, akaona amepata dawa. "Tutie jina la dada. Yeye hana wakwe, hana wa kumsema. Na jina la kike kwenye chupa linapendeza."

Wote wakageuka kunitazama, na naapa wawili kati yao walionyesha kuvutiwa.

"Mimi simo katika Wanawe," nikasema. "Kasome kibao."

Mama akamwambia kaka apige simu Uholanzi pale pale, sauti tuisikie sote. Akapiga. Mtoto wa ami akaitikia kwa furaha, "Kaka! Hii chupa umeona? Hii mzuri sana!" Kaka akamjibu kwa Kiingereza chake cha ofisini, haraka haraka, na uso wa kumtuliza mama. Akasema hapa bibi mkubwa amechoka kidogo, mambo ya uzee, usijali. Akasema labda wapunguze herufi. Jina liandikwe dogo, pembeni, karibu na namba za forodha, ambapo hapana mtu anayesoma. Ya Oman atayamaliza mwenyewe.

Mama akanyoosha mkono. Kaka akadhani anataka kumsalimia kijana, akampa simu.

"Mwanangu," mama akasema, kwa Kiingereza. "Mimi sijachoka. Unanijua mimi nani?"

"Mama mkubwa," kijana akasema.

"Nani zaidi?"

Mama akashika meza kwa mkono mmoja. Nikaona midomo yake inakwenda bila sauti, kama mtu anayetafuta pa kukanyaga.

"Mimi ni mke wa," akasema, na akalitaja.

Jina lake. La baba yake. La kabila. Moja moja, kwa lafudhi ya Unguja, na la kwanza alilitamka kwa namna ambayo sisi hatukupata kulisikia, akilivuta kidogo katikati. Hakuna mtu Sur aliyelitamka vile, wala msikitini siku ya mazishi. Ndugu yangu mdogo akafunika uso kwa kofia yake.

"Liondoe leo," mama akasema. "Si dogo. Lote."

"Sawa, mama mkubwa," kijana akasema. Na kwa haki yake, aliliondoa. Sharika ipo hadi sasa, nasikia, ina jina la mtaa wa ghala, na inauza. Kaka hayumo. Anasema ameipumzisha.

Mama alimrudishia kaka simu yake. Hakupandisha sauti.

"Mwenyewe alikuwa ananiambia, nitaje tu, bibi wee, mimi si shekhe. Nikimwambia iko siku nitakutaja, ngoja." Akaitazama chupa pale ukutani. "Nilikuwa nimemwekea siku hiyo. Wewe umenifanya nimtaje kwa ajili ya hiki."

Akaingia ndani. Kaka alikaa na simu mikononi, akilia kwa sauti kama mtoto, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Mimi nilikwenda kuchomoa waya wa televisheni, kisha nikachukua kanga kavu nikamfuata mama.

Alikuwa bafuni, anatia udhu upya. Mlango haukufungwa vizuri. Maji ya mfereji yalikuwa yanakwenda, na katikati ya maji nikamsikia analisema tena lile jina, la kwanza tu, taratibu, akilivuta pale pale katikati. Akanyamaza. Akalisema tena. Nikasimama nje na kanga yangu, nikangoja amalize.